Kumsaidia mapema mtoto anayechelewa makuzi: tafiti zinasema nini na hazisemi nini

Mzazi ambaye mtoto wake ametimiza miaka miwili bila kutamka neno linaloeleweka husikia kauli mbili zinazogongana. Ndugu humwambia asubiri, kwa kuwa hata baba wa mtoto alichelewa kusema na leo anasema vizuri. Mitandaoni huambiwa kwamba miaka mitatu ya kwanza ndiyo kila kitu, na kwamba kila siku inayopita bila tiba ni hasara isiyofidika. Kauli ya kwanza humtuliza wakati ambapo angepaswa kuuliza maswali. Ya pili humjaza hofu na hatia, kisha humpeleka mikononi mwa yeyote anayeuza matumaini. Jambo hili limetafitiwa kwa zaidi ya miaka 80, na yaliyopatikana hayaungi mkono kauli yoyote kati ya hizo mbili.

Ukuaji wa mwili hupimwa kwa mizani na kwa kipimo cha urefu. Makuzi ni jambo jingine: ni mtoto kupata uwezo ambao jana hakuwa nao, iwe ni kukaa, kutembea, kushika kitu kidogo kwa ncha za vidole, kuelewa na kutumia lugha, kufikiri, kuhusiana na watu au kujilisha. Mtoto husemwa kuwa amechelewa makuzi anapokuwa nyuma ya umri wake kwa kiasi kinachoonekana wazi katika eneo moja au zaidi kati ya hayo. Maneno hayo yanaeleza hali, hayataji ugonjwa. Nyuma yake panaweza kuwa na usikivu hafifu, mtindio wa ubongo (hitilafu ya ubongo inayoathiri misuli na mwendo), usonji (hali inayoathiri mawasiliano na kuhusiana na watu), hali ya Down (tofauti ya kromosomu anayozaliwa nayo mtoto), kuzaliwa njiti, upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, utapiamlo au kukosa malezi ya karibu, na kwa watoto wengi chanzo hakipatikani hata baada ya vipimo vingi.

Umri wa kawaida wa kufikia hatua fulani nao hauangukii siku moja. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya njema katika nchi za Ghana, India, Marekani, Norway na Oman, likaona kwamba wapo walioanza kutembea wenyewe wakiwa na miezi 8 na wapo waliofika karibu miezi 18, na wote walikuwa wazima. Takriban watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti kabla ya kutembea. Kwa mtoto njiti, hesabu huanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa, na wataalamu wengi huhesabu hivyo hadi afikishe miaka miwili. Kumlinganisha na wenzake kwa tarehe ya kuzaliwa ni kumwonea.

Afua za mapema ni msaada wa makusudi anaopewa mtoto mdogo pamoja na wazazi wake, kwa kawaida kuanzia kuzaliwa hadi miaka mitatu, na katika nchi nyingine hadi umri wa kuanza shule. Ndani yake mna mazoezi ya viungo, tiba ya usemi na lugha, vifaa vya kusaidia kusikia, na zaidi ya yote mafunzo kwa mzazi kuhusu namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto huyu, mwenye hali hii. Marekani iliweka huduma hizo katika sheria mwaka 1986. Ninasisitiza maneno "pamoja na wazazi wake" kwa sababu watu wengi hufikiria chumba chenye mtaalamu na mtoto, mzazi akingoja nje kwenye benchi, na picha hiyo haiendani na ushahidi bora tulio nao.

Kwa nini umri una uzito

Methali isemayo samaki mkunje angali mbichi hutajwa sana katika mazungumzo haya, na ina ukweli ndani yake. Mtoto anapofika miaka miwili, ubongo wake una takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, na katika kipindi hicho miunganiko ya chembe za neva hujengwa kwa kasi isiyorudiwa tena maishani. Miunganiko inayotumika huimarika, isiyotumika hupunguzwa. Lakini samaki akishakauka hakunjiki tena, ilhali ubongo haukauki namna hiyo. Kila mfumo ndani yake una kipindi chake cha wepesi: vipindi vya kuona na kusikia ni vifupi kwa kiasi, vya lugha ni virefu zaidi, na uwezo wa kupanga, kufikiri na kujizuia huendelea kujengwa hadi ujanani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni usikivu. Mwaka 1998 watafiti wa Colorado, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto 150 waliozaliwa na usikivu hafifu. Wale ambao tatizo lao liligunduliwa kabla ya miezi 6, na familia zao zikaanza kupata msaada muda mfupi baadaye, walikuwa na lugha bora kwa uwazi kuliko waliogunduliwa baada ya hapo. Haikujalisha sana kama walitumia ishara au sauti. Hii ndiyo sababu mtoto yeyote anayechelewa kusema anapaswa kupimwa masikio kabla ya kitu kingine chochote, hata kama anageuka mlango unapobamizwa, kwa kuwa mtoto anaweza kusikia kishindo na bado asizisikie sauti laini zinazotofautisha neno moja na jingine.

Ushahidi mwingine ulitoka mahali pa huzuni. Kuanzia mwaka 2000 huko Bucharest, Romania, watafiti wakiongozwa na Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwachukua watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika vituo, wote wakiwa na umri wa chini ya miaka mitatu. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kwa familia za malezi zilizoandaliwa na kusaidiwa, na nusu waliendelea na utaratibu uliokuwapo. Waliopata familia walipanda katika vipimo vya akili, na wale waliopelekwa kabla ya kufikisha takriban miaka miwili walinufaika zaidi. Jambo la kuzingatia ni kwamba watoto hawa hawakupewa tiba maalumu. Walipewa mtu mzima mmoja anayewajua, anayewajibu wanapolia na kuwatazama wanapotazama.

Wazo hilo halikuwa jipya. Mwaka 1939 Harold Skeels, mwanasaikolojia wa Iowa, aliandika kuhusu watoto 13 waliohesabiwa kuwa na upungufu wa akili, ambao waliondolewa katika kituo cha yatima kilichojaa na kupelekwa kwenye taasisi ya wanawake wenye ulemavu wa akili. Wanawake wale waliwapokea, wakawabeba, wakacheza nao na kuwafanya wanao. Alama zao za akili zilipanda kwa wastani wa karibu 28, ilhali watoto 12 wa kulinganisha waliobaki kituoni walishuka kwa wastani wa 26. Utafiti ule ulikuwa mdogo na haukugawa watoto kwa kura, hivyo ulipingwa vikali. Hata hivyo ulivunja imani ya zama zile kwamba akili ya mtoto imekwisha kuamuliwa siku anapozaliwa.

Saa moja kwa wiki

Kama ningelazimika kuchagua utafiti mmoja wa kumweleza mzazi au mpanga sera, ningechagua ule wa Kingston, Jamaika. Mnamo 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwasajili watoto 129 wenye udumavu, wa umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa maskini. Watoto waligawanywa katika makundi manne: la kwanza lilipewa chakula cha nyongeza, la pili uchangamshi, la tatu vyote viwili, na la nne halikupewa chochote kati ya hivyo. Uchangamshi ulimaanisha kwamba mhudumu wa afya wa jamii, asiye daktari wala mtaalamu wa tiba, alikwenda nyumbani kila wiki kwa saa moja, kwa muda wa miaka miwili.

Alichofanya ndani ya saa hiyo kilikuwa cha kawaida mno. Alileta vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mabaki, kama chupa za plastiki na maboksi, akaketi na mama na mtoto, akaonyesha mchezo mmoja au miwili, kisha akamwachia mama nafasi acheze yeye. Mama alihimizwa kuzungumza na mtoto, kutaja vitu kwa majina, na kumsifu anapojaribu. Vitu vile viliachwa nyumbani hadi ziara iliyofuata, vikabadilishwa na vingine.

Faida ya chakula pekee haikudumu. Ile ya uchangamshi ilidumu. Watoto wale walipofika takriban miaka 22, waliokuwa wamepata uchangamshi walikuwa na kipato kilichowazidi wenzao wa kundi linganishi kwa asilimia 25, kama ilivyochapishwa mwaka 2014. Mtu hana budi kukumbuka kwamba ni watoto 129 tu, katika mji mmoja. Lakini mbinu ile imejaribiwa baadaye katika nchi nyingine kadhaa, na kwa sehemu kubwa makuzi ya watoto yameboreka, ingawa si kila mahali wala si kwa kiasi kilekile.

Mahali ambapo watu huchanganya

Hapa ndipo pana kiini cha mkanganyiko, na ningependa tupachukulie polepole. Maneno "afua za mapema" hutumika kwa makundi matatu ya watoto ambao hali zao si moja. Wapo watoto walio katika hatari kwa sababu ya umaskini, udumavu au upweke, ila miili na ubongo wao havina hitilafu inayojulikana. Wapo watoto waliochelewa tayari bila chanzo kujulikana. Na wapo watoto wenye hali mahususi kama mtindio wa ubongo, usonji au Down. Ushahidi wa kundi moja haukopeshwi kwa kundi jingine. Programu ya elimu ya awali ya Perry, ya Ypsilanti, Michigan, Marekani, iliyoanza mwaka 1962 na kufuatilia watoto 123 hadi walipokuwa na umri wa miaka 40, ilihusu watoto wa familia maskini. Faida zake za kiuchumi, zinazonukuliwa kila mahali, hazituambii lolote kuhusu mazoezi ya viungo ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Mtu akikuonyesha takwimu ya namna hiyo ili kukuuzia huduma, muulize ilipatikana kwa watoto gani.

Jambo la pili ni faida zinazofifia. Mwaka 1985 Marekani ilianzisha jaribio kubwa la watoto 985 waliozaliwa njiti na wenye uzito mdogo, katika miji minane. Familia zilitembelewa nyumbani, watoto wakapelekwa kwenye vituo maalumu vya malezi, na huduma ikakoma walipofika miaka mitatu. Katika umri huo, waliohudumiwa walikuwa mbele kwa uwazi. Walipofika miaka mitano na minane, sehemu kubwa ya tofauti ilikuwa imepungua, ingawa iliendelea kuonekana kiasi kwa wale waliozaliwa na uzito mkubwa kidogo. Wapo wanaosoma matokeo haya na kusema afua hazifai. Mimi nayasoma kwa namna nyingine: ukimpa mtoto msaada kisha ukaukata ghafla anapofika miaka mitatu, ukamrudisha katika mazingira yaleyale, usishangae akirudi karibu na pale ambapo mazingira hayo yangemweka.

La tatu ni gumu zaidi kwa mzazi kulikubali, nami naliandika kwa heshima. Watoto wengi hupata nafuu hata bila tiba. Miongoni mwa watoto wa miaka miwili wanaoelewa vizuri wanachoambiwa lakini wana maneno machache, wengi huwafikia wenzao kabla ya kuanza shule. Maana yake ni kwamba kituo chochote, hata kinachotoa huduma isiyo na maana yoyote, kitakuwa na wazazi wanaotoa ushuhuda wa kweli kwamba mtoto alikuja hasemi na sasa anasema. Hii ndiyo sababu watafiti hushikilia kuwepo kwa kundi linganishi lililochaguliwa kwa kura. Bila kundi hilo hatuwezi kujua ni kiasi gani cha maendeleo kilitokana na tiba na kiasi gani kilitokana na mtoto kuongezeka umri.

Historia ya usonji inaonyesha hatari hiyo. Mwaka 1987 Ivar Lovaas wa California aliripoti kwamba kati ya watoto 19 waliofundishwa kwa takriban saa 40 kwa wiki, 9 walifikia kiwango cha kawaida cha masomo na akili. Habari hiyo ilienea duniani kote, na hadi leo wapo wazazi wanaouza mali zao ili kununua saa nyingi za tiba. Watoto hawakuwa wamegawanywa kwa kura, na mafunzo yenyewe yalikuwa na adhabu, hata kofi la paja, jambo ambalo leo halikubaliki. Tafiti za baadaye zilizofanywa kwa uangalifu zaidi zilipata mafanikio ya kiasi, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024, uliojumuisha tafiti zaidi ya 100, haukupata ushahidi kwamba kuongeza saa kunaongeza matokeo kwa watoto wadogo wenye usonji.

Kinachoonekana kuwa na msingi imara zaidi ni kumfundisha mzazi. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2010, lenye watoto 152 wenye usonji wa umri wa kati ya miaka miwili na mitano, mzazi alirekodiwa akicheza na mwanawe, kisha akaitazama video hiyo pamoja na mtaalamu. Chukua mfano wa mtoto anayezungusha gurudumu la gari la kuchezea huku mama akimwita mara tatu autazame mpira. Kwenye video mama anaona alichokuwa hakioni: kila anapoita, mtoto anazidi kugeuza mgongo. Safari nyingine anaketi chini mbele yake, anasubiri bila kusema, na gurudumu linapozunguka anasema tu, "Linazunguka." Mtoto anainua macho. Mwanzoni athari za mafunzo hayo kwenye dalili za usonji zilikuwa ndogo, lakini watoto walipofuatiliwa takriban miaka sita baadaye, dalili zilikuwa nyepesi zaidi kwa waliopata huduma. Usonji haukuondoka, na watafiti hawakudai kwamba uliondoka.

Kwa mtindio wa ubongo, mabadiliko makubwa yamekuwa katika utambuzi. Zamani wazazi waliambiwa wangoje hadi mwaka mmoja au miwili. Mwaka 2017 jopo la kimataifa la wataalamu lilionyesha kwamba kwa kuuangalia mwendo wa asili wa mtoto mchanga, pamoja na picha za ubongo na uchunguzi wa neva, hali hiyo inaweza kutambuliwa kwa uhakika mkubwa kabla ya miezi sita. Mtoto ambaye upande mmoja ni dhaifu huvishwa glavu laini kwenye mkono wenye nguvu kwa muda mfupi kila siku, huku akipewa vitu vinavyomvutia, ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi. Kanuni ni kwamba mtoto mwenyewe ndiye anayepaswa kujisogeza. Tiba ambazo watu wazima humkunja na kumkunjua mtoto kwa saa nyingi ili "kuupanga upya" ubongo hazina ushahidi, na Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kimeonya dhidi ya mojawapo iliyo maarufu, mwaka 1982 na tena mwaka 1999.

Imani chache zinazoumiza

Kuzungumza na mtoto kwa lugha mbili hakusababishi achelewe kusema. Mzazi anayeambiwa aache lugha anayoimudu ili atumie asiyoimudu anapokonywa chombo chake bora. Vilevile, kumpa mtoto asiyesema picha au ishara za mikono hakumfanyi awe mvivu wa kusema. Tafiti zilizokusanya ushahidi huo zimeona usemi ukibaki palepale au ukiongezeka, na hasira za kutoeleweka hupungua.

Nyingine ni kwamba msaada hauwezi kuanza bila jina la ugonjwa. Majina huchelewa, wakati mwingine kwa miaka. Huko Australia, jaribio la watoto wachanga 103 lililochapishwa mwaka 2021 liliwaanzishia wazazi mafunzo ya mawasiliano watoto wakiwa na miezi 9 hadi 14, kwa kuona dalili za awali tu. Walipofika miaka mitatu, waliotimiza vigezo vya usonji walikuwa asilimia 6.7 ikilinganishwa na asilimia 20.5 ya kundi linganishi, ambalo wazazi wake hawakupewa mafunzo hayo. Ni jaribio moja na dogo, hivyo linahitaji kurudiwa, lakini linaonyesha kwamba kuanza kabla ya jina kunawezekana. Hesabu yake ni rahisi. Mzazi akijifunza kumsubiri mtoto, kufuata macho yake na kuzungumza naye zaidi, kisha ikaonekana mtoto angefika mwenyewe, hakuna kilichopotea. Akisubiri, kisha ikaonekana kwamba mtoto ni kiziwi, miezi iliyopotea ilikuwa na thamani.

Zipo dalili ambazo hazipaswi kungojwa na mtu yeyote. Mtoto asiyekaa bila kushikwa katika miezi 9, asiyetembea katika miezi 18, anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, asiyenyoosha kidole wala kupunga mkono katika miezi 12, asiye na neno hata moja katika miezi 16, au asiyeunganisha maneno mawili kwa maana katika miaka miwili, anahitaji kutathminiwa. Mtoto aliyekuwa na maneno au uwezo fulani kisha akaupoteza, katika umri wowote, apelekwe haraka.

Na kwa wazazi ambao watoto wao wamekwisha kupita miaka mitatu au mitano, utafiti mmoja wa mwaka 2013 unastahili kujulikana. Uliangalia watoto 535 wenye usonji ambao katika umri wa miaka minne walikuwa bado hawajaanza kuunganisha maneno. Walipofikisha miaka minane au zaidi, asilimia 70 walikuwa wanaunganisha maneno, na asilimia 47 walikuwa wanazungumza kwa ufasaha. Mazoezi ya glavu nayo yameonyesha manufaa hata kwa watoto wa umri wa shule. Anayemwambia mzazi wa mtoto wa miaka sita kwamba muda umekwisha hana utafiti wa kumtegemeza, na mtoto huyo bado anastahili kupimwa masikio, kufanyiwa tathmini, na kupewa mtu wa kumfundisha mzazi wake la kufanya nyumbani.